Dakika Kumi na Mbili Nyuma ya Karavas

JUMATANO KUU. SAA TISA ALASIRI.

Walipanga kuiiba nyumba huku wakila chakula cha nyumba hiyohiyo.

Chumba cha nyuma cha mgahawa wa Karavas ni cha ubatizo na matanga. Siku hiyo hakukuwa na mtoto wala maiti. Kulikuwa na wanaume watatu, meza moja, na Lambros akichora ramani kwa vyombo. Chupa ya siki ilikuwa mlango wa mbele. Chupa ya chumvi ilikuwa mlango wa nyuma, uchochoroni. Kisahani cha zeituni kilikuwa sefu, chini ghalani.

"Nani anabaki ndani?" aliuliza Lambros.

"Hakuna," alisema Evdokia. Alikuwa amesimama na birika la kahawa. Mhudumu mwenye birika haulizwi anafanya nini. "Ijumaa Kuu usiku, Epitafio, lile jeneza la maua la Kristo, ikifika mbele ya mlango, wote wanatoka. Mpishi, muosha vyombo, mzee Sotiris, mwenye mgahawa, na chupa yake ya marashi. Wateja pia. Padri anasoma dua, kisha tunaisindikiza mpaka kona ya barabara kuu na kurudi. Dakika kumi na mbili."

"Una uhakika?"

"Nimefanya kazi hapa miaka kumi na tisa, Lambros. Nimetoka mara kumi na tisa."

Karavas hapajawahi kufungwa. Usiku, mchana, theluji, umeme ukikatika, pale mtu atapata kahawa na supu. Mlango wa mbele una kitasa, ufunguo wake hakuna ajuaye ulipo, wala hakuna aliyewahi kuuhitaji. Ndiyo maana wajane wa Kigiriki wa Astoria, New York, walimletea mzee Sotiris dhahabu zao. Bangili za harusi, sarafu za mahari, misalaba ya ubatizo, kila kitu kimefungwa kwenye leso iliyodariziwa jina la mwenyewe. Benki inafungwa saa kumi na moja, walisema. Sotiris hafungi.

Stratos, dereva, hakuwa akisikiliza. Alikuwa akila. Lambros aligeuka, akatazama sahani yake.

"Nini hiki?"

"Baga, bosi. Na jibini."

"Leo siku gani?"

"Jumatano."

"Jumatano gani, we mbwa?"

Stratos akaacha kutafuna. Lambros aliisukuma sahani mpaka ukingoni mwa meza, ikaanguka. Mkate huku, nyama kule.

"Wiki Kuu, na wewe unakula damu mezani kwangu. Evdokia, mletee pweza, hana damu. Hataki pweza, mletee maji."

Anestis alicheka. Ndiye aliyekuwa fundi wa sefu, na ndiye mdogo wake Evdokia, damu moja, tumbo moja. "Bosi, Ijumaa Kuu tunaenda kuwaibia wajane, na wewe unaogopa nyama?"

"Kazi ni kazi. Mfungo ni mfungo. Usinichanganyie."

Hakutabasamu. Lambros alikuwa amevunja watu magoti, na mmoja alimvunja zaidi ya magoti, lakini tangu utotoni hakuwahi kuonja yai Wiki Kuu. Evdokia aliinama kuokota vipande vya sahani. Jambo hilo aliliweka kichwani bila kujua atalifanyia nini.

Hakuwa mwizi. Alikuwa dada wa mwizi, na kazi hiyo huchosha zaidi. Anestis alikuwa ametoka jela miezi miwili nyuma, baada ya miaka sita. Akishikwa tena ingekuwa mara ya tatu, na wa mara ya tatu hatoki. Evdokia alimsihi asiingie, akaingia. Basi naye akaingia, ili angalau saa iwe mkononi mwake. Aliweka sharti moja: hii ikiisha, Anestis anapanda basi kwenda kwa mjomba wao, Florida, kuzamia sponji baharini. Lambros alimpa mkono juu ya sharti hilo. Mkono mkavu, wa baridi.

ALHAMISI KUU. SAA MBILI USIKU.

Asubuhi waliletwa kondoo. Arobaini na wawili, wamechunwa, kwa ajili ya Jumapili. Mzee Sotiris aliwaning'iniza katika chumba cha barafu kule ghalani, akausukuma mlango kwa bega.

"Basi," alisema, akifuta mikono. "Asiufungue mtu hadi Jumamosi usiku. Sitaki hata harufu ya nyama humu Ijumaa."

Kila mwaka alisema hivyo, na kila mwaka hakuna aliyefungua.

Usiku huo mtaa mzima ulikuwa kanisani. Evdokia naye alikuwa ameaga, lakini mwenzake akaharisha, ikabidi arudi. Akaona afanye kazi inayoahirishwa daima: kukwangua bazoka, ubani wa kutafuna, zilizogandishwa chini ya meza. Alikuwa chini ya meza ya nane, kisu mkononi, walipokaa watu wawili kwenye viti vya meza ya tisa. Migongo ya viti vya Karavas ni mirefu. Wao hawakumwona. Yeye aliona viatu.

"Dada yake yuko wapi?" Sauti ya Stratos.

"Kanisani. Anamwombea mdogo wake." Lambros alicheka kidogo. "Amwombee vizuri."

"Kwa hiyo bado ni vilevile?"

"Anestis anabaki na kondoo. Akishafungua sefu, tunamwambia avute begi lililo ndani ya chumba cha barafu. Akiingia, kufuli. Kitasa cha ndani kimekufa miaka mingi. Hadi Jumamosi usiku hakuna wa kufungua. Watamkuta na zana zake. Mwizi aliyegeukwa na wenzake wasiojulikana. Nani atahangaika kututafuta?"

"Atapiga kelele."

"Ule mlango una unene wa shubiri. Apige."

Kijiko kiligonga kikombe. Stratos alisema, taratibu, "Ni mtu wetu, bosi."

"Alikuwa jela miaka sita. Miaka sita, halafu anatoka mapema kidogo, mnene kidogo. Mimi sijui nani kamnenepesha, labda polisi. Wewe unajua?"

Evdokia alikaa chini ya meza hadi viatu vilipoondoka. Bazoka moja ilikuwa imemganda kwenye nywele. Alizikata kwa kisu kilekile.

SAA SITA USIKU.

"Umeota," alisema Anestis. Walikuwa jikoni kwake. Anapiga mswaki, povu mdomoni.

"Nilikuwa pale. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Lambros amenitumia vifurushi kila mwezi. Kila mwezi, dada. Soksi, kahawa, sigara. Wewe ulikuja mara ngapi?"

Evdokia aliichukua taulo, akaikunja.

"Sema. Mara ngapi?"

"Mara nne."

"Kwa miaka sita." Alitema povu. "Basi usinifundishe nani ndugu yangu."

Angeweza kumfungulia. Hilo alilifikiria usiku kucha. Wakiondoka tu, ashuke ghalani, avunje kufuli, amtoe. Lakini Lambros akiwa huru atasikia kwamba maiti yake inatembea. Atarudi. Kwa Anestis, kisha kwake. Haikutosha Anestis atoke mle ndani. Ilibidi Lambros asitoke uchochoroni.

Kuwaita polisi? Wangewachukua wote, na mdogo wake angekuwa wa kwanza. Alijilaza akitazama dari. Alfajiri ilipoingia, aliikumbuka ile baga sakafuni.

IJUMAA KUU. SAA NNE ASUBUHI.

Mzee Sotiris alikuwa akijaza marashi kwenye chupa ya fedha. Evdokia alimletea dengu na siki, bila tone la mafuta, kama ipasavyo siku hiyo.

"Mzee, nimekumbuka bibi Marigo."

"Ana nini?"

"Hajashuka ngazi tangu mwaka jana. Chumba chake kinatazama uchochoroni. Mwaka huu hataiona Epitafio." Alinyoosha kitambaa kilichokuwa kimenyooka. "Padri angewapitisha nyuma. Ni hatua mia tu. Badala ya kwenda mpaka kona, wakunje hapo pembeni, wasimame chini ya dirisha lake."

Macho ya mzee yalijaa maji. Yalikuwa mepesi kujaa, lakini siku hiyo Evdokia hakupenda kuyaona.

"Una moyo wewe," alisema, na akavuta simu. "Padri! Bariki. Nina ombi."

SAA 2:54 USIKU.

Evdokia alifungua mlango wa nyuma. Wawili waliingia bila neno, vichwa vimevikwa soksi nyeusi, macho tu nje. Stratos alibaki kwenye gari, pua ya gari ikitazama mdomo wa uchochoro. Kazi yake ilikuwa moja: akiona hatari, apige honi mara mbili.

Ghalani, Anestis alivua koti, akabaki na fulana. Kazi ya sefu humtoa mtu jasho. Alipanga keekee ya kutobolea chuma, misumari ya almasi, taa ya kichwani.

Evdokia alimshika mkono. "Usiingie kwenye chumba cha kondoo. Hata akuambie nini."

"Nenda ukasali, dada."

Lambros alikuwa amesimama nyuma yao. Alitazama saa yake. "Amesema nini?"

"Mambo ya nyumbani," alisema Anestis.

SAA 3:00.

Kengele. Moja, kimya, moja, kimya, kama zinavyopigwa kwa mtu aliyekufa. Evdokia alisimama nje mbele ya mgahawa na mshumaa wake katikati ya wapishi na wateja. Epitafio ilikuja juu ya mabega ya wanaume sita, maua yameifunika hadi nguzo, na watu nyuma yake wasio na mwisho. Askari wawili walitembea mbele kuzuia magari. Mmoja kijana, kofia ameishika kwapani.

Mzee Sotiris alinyunyiza marashi. Padri alisoma dua. Chini ya nyayo zake Evdokia alisikia mtetemo mwembamba. Keekee. Au moyo. Akapiga ishara ya msalaba, na hakujua anamwombea nani.

SAA 3:06.

Mabega yakanyanyuka. Msafara ukaanza kwenda. Hatua thelathini, arobaini. Kisha, kabla ya kona, padri akakata kulia.

Kunong'ona kukapita katika watu. "Wapi tena?" "Kwa Marigo, mgonjwa." "Ah, vizuri."

Evdokia alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa amehakikisha.

SAA 3:09.

Uchochoro wa nyuma ni mwembamba. Mapipa, ngazi za moto, taa moja inayokufa na kufufuka. Mishumaa mia nne iliingia humo, kuta zikawa za dhahabu. Mwisho wake kulikuwa na gari, na ndani ya gari Stratos.

Evdokia aliuona mkono wake ukienda kwenye honi. Aliuona ukisita hapo juu. Honi mara mbili, ndivyo walivyokubaliana. Lakini nani aliyewahi kuipigia honi Epitafio? Mkono ukashuka. Stratos akazima injini, akafungua mlango, akatoka, akasimama kando ya gari kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Akapiga msalaba.

Epitafio ikasimama. Juu, dirisha likafunguka, na uso mdogo wa bibi Marigo ukatokeza, umefungwa kilemba cheusi. Waimbaji wakanyamaza. Padri akainua mkono kubariki.

SAA 3:10.

Mlango wa nyuma wa Karavas ukafunguka.

Lambros alitoka kinyumenyume, akivuta begi. Akageuka.

Hatua nne mbele yake palikuwa na jeneza la Kristo.

Angeweza kurudi ndani. Angeweza kukimbia. Alikuwa na bastola kiunoni, na watu wale walikuwa na mishumaa. Evdokia alikuwa ameuweka uhai wa mdogo wake juu ya kitu kimoja tu, nacho hakikuwa polisi. Kilikuwa mkono wa kulia wa Lambros, mkono ambao mama yake aliufundisha akiwa na miaka mitatu, kabla haujajua kushika kisu.

Nta ikadondoka.

Mkono ukanyanyuka. Ukaivua soksi kichwani, maana mbele ya Epitafio mwanamume hasimami amejifunika. Vidole vitatu vikaungana. Paji la uso. Tumbo. Bega la kulia. Bega la kushoto. Nywele zake zilikuwa zimesimama kwa jasho, na uso wake, kwa muda huo mfupi, ulikuwa uso wa mtu mwema.

Begi likamponyoka. Leso zikamwagika juu ya mawe, na kutoka kwenye leso moja bangili ikabingirika mpaka kiatuni pa padri.

"Lambros mwana wa Katina!" Sauti ya bibi Marigo kutoka juu, nyembamba, kali. "Hiyo si bangili yangu?"

Ndipo Lambros alipoamka. Alikuwa bado ameshika soksi. Akaitazama. Akawatazama watu mia nne waliomjua, na mama zao waliomjua mama yake. Yule askari kijana tayari alikuwa amemkamata kiwiko.

SAA 3:14.

Evdokia alishuka ngazi za ghalani mbili mbili. Sefu wazi. Koti, keekee, zana, vyote vimebaki sakafuni. Mlango wa chumba cha barafu umefungwa, na kufuli mpya inaning'inia juu yake, nene, inang'aa. Akaweka sikio. Mbali sana, kama mtu anayegonga chini ya maji: du, du, du.

Alipiga kufuli kwa nyundo ya nyama. Mara kumi. Mpini ukavunjika.

Alirudi juu. Lambros alikuwa amelazwa kifua juu ya boneti ya gari lake mwenyewe, pingu mgongoni. Askari walikuwa wakihangaika na Stratos, aliyekuwa analia. Msafara ulisimama, haukujua kama uendelee. Evdokia akasogea.

"Ufunguo," alinong'ona.

Lambros aligeuza shingo. Alimtazama muda mrefu, na Evdokia aliona anavyounganisha: uchochoro, dirisha, bibi, yeye.

"Ni wewe."

"Ufunguo, Lambros."

"Nimeutupa kwenye mtaro." Alitabasamu, jino la dhahabu. "Sikiliza, malaika. Hawa wanajua tuko wawili. Mimi na huyu mlizi. Wa tatu hakuna aliyemwona. Nyamaza, na mimi nanyamaza. Watapima, watapiga picha, wataondoka. Saa nane, saa tisa usiku utavunja kufuli kwa raha zako. Anatoka huru. Ukifungua mdomo sasa, ni mara yake ya tatu."

"Ana fulana tu."

"Ni kijana. Atarukaruka."

Muda wa saa tano. Labda sita. Evdokia alifikiria ile sauti, du, du, du, jinsi ilivyokuwa inachelewa kati ya pigo na pigo. Alimwona Anestis kwenye basi la Florida, kichwa dirishani, huru. Alimwona Anestis amekaa chini ya kondoo arobaini na wawili, rangi moja nao. Picha zote mbili zilikuwa wazi sawasawa. Hakukuwa na wa kumwambia ipi ni ya kweli.

"Afande," alisema. Kisha akapaza sauti, ikasikika hadi dirishani. "Afande! Kuna mtu amefungiwa kwenye chumba cha barafu. Leteni mkasi wa kukatia kufuli. Ni mwenzao. Ni mdogo wangu. Na mimi ndiye niliyewafungulia mlango."

Mzee Sotiris alikuwa amesimama karibu na maua, chupa ya marashi mkononi. Aliiweka chini, juu ya mawe.

SAA 4:20.

Karavas hapakufungwa. Utepe wa polisi ulizunguka ngazi za ghalani, na upande wa pili wa utepe watu walikula dengu. Walitoka kanisani na njaa, na njaa haijali utepe.

Anestis alikaa kaunta, blanketi begani, pingu mikononi, midomo ya buluu ikianza kurudi kuwa midomo. Askari mmoja upande wa kulia, mwingine mlangoni, wakisubiri gari. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vyeupe kama chaki. Tabibu wa gari la wagonjwa alivitazama na kusema, huenda vitapona, huenda havitapona.

Evdokia naye alikuwa chini ya ulinzi, lakini walimwachia aproni hadi gari la pili lifike. Mzee Sotiris alipita nyuma yake mara mbili bila kumtazama. Mara ya tatu aliweka bakuli la dengu kaunta, na siki pembeni, akaenda zake. Halikuwa msamaha. Ilikuwa kwamba Karavas hakuna anayeondoka bila kula.

Evdokia alichota, akapeleka kijiko mdomoni kwa mdogo wake. Anestis alikaza meno.

"Kula."

"Umeambiwa ningetoka huru. Lambros kanipigia kelele yote pale nje, wakati wananipitisha. Ulikuwa na nafasi."

"Kula, kinapoa."

"Saa tano tu. Ningevumilia."

"Usingevumilia."

"Wewe unajuaje? Ulikuwa ndani, wewe?" Sauti yake ilipasuka. Askari akageuza kichwa, kisha akakirudisha. "Hiki ni kifungo cha maisha, dada. Nitazeekea kule. Kwa sababu hukuweza kuziba mdomo kwa saa tano."

Kijiko kilibaki hewani. Haukutikisika mkono wake. Miaka kumi na tisa ya kubeba sahani.

"Sema samahani," alisema Anestis. Sasa alikuwa analia, bila kujificha, kamasi na yote. "Hilo tu. Niende nalo. Sema umekosea."

Taa za gari zikapita juu ya vioo, buluu, nyekundu. Askari wa mlangoni akajinyoosha.

Evdokia alimtazama mdogo wake. Alitazama pumzi ikimtoka puani, ikiingia, ikitoka.

"Unapumua," alisema. "Siombi radhi. Leo siombi, na nikija kukuona huko, kila mwezi, siombi. Fungua mdomo."